Mgonjwa wa Silberhain

Simu ya mezani ya Madame Irmgard ilikuwa haipigwi ila na watu wa kuuza bima na madirisha ya vioo viwili, kwa hiyo ilipolia Jumanne ile asubuhi Pétronille aliipokea akiwa ameshakunja uso wa kufukuzia watu. Madame mwenyewe alikuwa bafuni, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, akingoja kusuguliwa mgongo. Pétronille alikuwa na povu mpaka viwikoni.

Hakuwa mtu wa bima. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya taratibu, Kifaransa chake cha darasani, kila neno kama limepigwa pasi. Akasema anaitwa Falk, anapiga kutoka Ujerumani, kutoka mji wa Silberhain, na kwamba yeye ni mtoto wa Reinhard, mdogo wake Madame Irmgard. Baba anaumwa sana, akasema. Anamuuliza dada yake. Ingekuwa vizuri kama dada angempigia, tena asikawie.

Pétronille akaketi ukingoni mwa sofa na povu lake.

Hapa ni lazima ujue Pétronille alitoka wapi, la sivyo utamwona mjinga, na mjinga hakuwa. Alizaliwa Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu ya Kusini, ambako wanaume huingia ardhini asubuhi na jioni huhesabiana. Mji wa namna hiyo hujifunza adabu ya kutoa habari mbaya. Kule hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekupigia simu akwambie fulani amekufa, hivi hivi, wewe uko peke yako jikoni na kisu mkononi. Huo ni ukatili. Utaambiwa anaumwa. Utaambiwa anaumwa sana, anakuuliza, fanya haraka. Utapanda gari na mizigo yako, na dawa umemnunulia, na ukifika utakuta turubai limefungwa uani na wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, wamepanga mstari mlangoni ili ukianguka uangukie mikononi mwao. Hivyo ndivyo Pétronille alivyopata habari ya baba yake, akiwa mwanafunzi Bukavu. Hivyo ndivyo alivyopata habari ya mumewe, akiwa ameshafika hapa Brussels. Anaumwa sana, anakuuliza. Mara zote mbili kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Basi alimjibu Falk kama mtu mzima anavyojibu. Alimwambia ajikaze, awatie moyo wengine nyumbani, wako pamoja naye, ujumbe ataufikisha kwa utaratibu wake. Falk akashukuru, kwa sauti ya mtu ambaye hakuelewa sana anashukuru nini. Kisha Pétronille akarudi bafuni, akausugua ule mgongo mwembamba polepole kuliko siku zote, na Madame Irmgard alipouliza ni nani aliyepiga, akajibu kuwa ni watu wa madirisha.

Alikuwa akimtunza bibi yule kwa mwaka wa tatu sasa, katika nyumba yake ya ghorofa ya pili, mtaa wa Schaerbeek, juu ya kituo cha tramu. Alimwita Mamie, yaani Bibi kwa Kifaransa. Bibi alikuwa amekula chumvi nyingi, zaidi ya miaka themanini, moyo wake ulikuwa ukienda kwa vidonge, na mumewe Staf, Mbelgiji wa watu, alikuwa amekufa zamani bila kumwachia mtoto. Mtu wa hivyo utamwambiaje peke yake? Pétronille alimpigia rafiki yake Lucienne, aliyekuwa akiimba naye kwaya, wakashauriana.

“Bon, sikia miye,” Lucienne akamwambia. “Weye utamwambia namna gani, maman wa myaka ile, peke yake mu nyumba? Akianguka? Ngojea dimanche. Batu bakuwe pale, akule kwanza, alors mutamwambia polepole.”

Hivyo ndivyo na yeye Pétronille alivyokuwa akifikiri. Akampigia Lien, mpwa wa marehemu Staf anayekaa Anderlecht, akamwomba aje Jumapili mchana, kuna jambo la familia, na zaidi ya hapo hakufungua mdomo. Akafua mapazia. Akaazima viti kwa jirani wa chini. Akanunua kuku, na sombe, kisamvu cha kwao, na mchele wa kutosha watu ishirini, na ukimwona barabarani na mifuko yake ungesema kuna binti anaolewa. Moyoni alikuwa akilia, lakini mikono ilikuwa na kazi, na kazi ile aliijua vizuri. Hata akajivunia kidogo. Wazungu hawa, alijiambia, wanaachiana habari za misiba kwenye mashine ya simu. Mamie wangu hataambiwa hivyo.

Alhamisi jioni, kabla hajamaliza zamu, Madame Irmgard alimwomba awashe mishumaa ya mchimbaji.

Mchimbaji ni sanamu ndogo ya mbao, kimo cha chupa, amevaa koti jeusi na kofia ndefu isiyo na ukingo, na kila mkono umeshika mshumaa. Kila Desemba bibi alimtoa kwenye boksi la viatu, akamsimamisha dirishani peke yake. Wakubwa wa Pétronille kwenye ofisi iliyomwajiri walikataza mishumaa katika nyumba za wazee, na Pétronille aliwasha tu, kwa sababu wakubwa hawakuwa wakimwona bibi uso wake unavyobadilika mwanga ule ukimfikia. Miaka miwili alikuwa amejizuia kuuliza. Jioni ile aliuliza kwa nini amesimama mwenyewe.

Madame Irmgard hakuwa mtu wa kusimulia. Labda ni mapazia yale safi, au harufu ya sombe iliyokuwa ikianza kuzoeleka mle ndani, lakini alisimulia. Kwao Silberhain, alisema, milimani, walichimba fedha kwa mamia ya miaka, mpaka ikaisha. Baada ya vita wakaja Warusi kutafuta uranium, na mji ukachimbwa kama jibini lililoingiliwa na panya. Mtaa wa katikati, ulikokuwa na kanisa na duka la mikate, ulibomolewa wote kwa sababu chini yake palibaki patupu, na usiku ulisikia sahani zinatetemeka kabatini. Lakini desturi moja hawakuiacha, Warusi wapende wasipende. Wakati wa kungojea Krismasi kila nyumba iliweka dirishani mchimbaji mmoja kwa kila mtoto wa kiume aliyezaliwa mle, na malaika mmoja kwa kila mtoto wa kike. Mtu akipita kwenye theluji aliangalia tu madirisha, akajua kila nyumba ina watoto wangapi. Kwao palikuwa na mchimbaji mmoja na malaika mmoja.

Alikuwa na miaka ishirini na moja alipotoroka. Alipanda treni mpaka Berlin, akavuka upande wa magharibi wakati kuvuka kulikuwa bado kunawezekana, hakumuaga mtu, akaishia hapa Brussels. Mdogo wake Reinhard alikuwa anangoja kuingia chuo cha muziki, alipiga tarumbeta. Serikali ya kule haikuwapa vyuo watu wenye ndugu waliokimbia. Reinhard akapelekwa chini ya ardhi, kwenye vumbi lile lile lililokuwa likimla baba yao mapafu. Na Desemba ile ile jirani mmoja, naye mkimbizi, aliyepitia Brussels alimweleza Irmgard kuwa dirishani kwao pamesimama mchimbaji peke yake. Baba alikuwa amemtoa malaika.

“Kwa hiyo na mimi nina mchimbaji peke yake,” akasema. “Dirisha hili ni lile la kwao. Mimi simo.”

Pétronille akauliza kama huyo mdogo wake hakuwahi kumtafuta. Alimtafuta mara moja, bibi akasema, ule mwaka ukuta wa Berlin ulipoangushwa. Alisikia sauti inasema jina lake kama walivyokuwa wakilisema nyumbani, na yeye akarudisha simu mahali pake. Aliogopa. Aliamini anapigiwa ili aulizwe kuhusu tarumbeta. Na baada ya hapo kila mwaka aliona sasa imechelewa zaidi kuliko mwaka uliopita.

Tramu ilipita chini, vioo vikatetemeka.

“Siku hizi nafikiri,” akasema, “angepiga sasa, ningepokea.”

Pétronille aligeukia dirisha akajifanya anapunguza utambi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Maneno yalimjaa mdomoni na akayameza, kwani kuna faida gani kumwambia mtu jambo kama hilo jioni, muda mfupi kabla hajamwacha peke yake hadi asubuhi, wakati huyo mdogo wake ameshalala chini ya udongo? Jumapili, alijiambia. Jumapili tutakuwa wengi. Akamfunika bibi blanketi miguuni, akavaa koti lake akaondoka. Jambo lile baadaye alilikumbuka mara nyingi sana: kwamba simu ya mezani ilikuwa pale pale, karibu na kiwiko cha bibi, na kwamba aliipangusa vumbi kabla ya kutoka.

Jumamosi alasiri binti yake Jémima alikuja nyumbani kwake Anderlecht kumsaidia kuchambua mchele. Jémima alilelewa hapa hapa Brussels, ni muuguzi katika hospitali kubwa ya Jette, na ana ubishi wa watu waliosomea kazi yao. Mama alimweleza habari yote, kwa fahari kidogo, jinsi alivyoipanga. Jémima akaacha mchele.

“Maman, uliuliza kama alikufa?”

“Mambo kama ile haiulizwaka.”

“Alikuambia amekufa?”

“Alisema ni mugonjwa sana, anamuuliza dada yake. Weye mutoto hujue? Tonton yako, ndugu ya papa yako, alisema vile vile juu yake.”

“Maman.” Jémima aliishusha sauti, na hapo ndipo Pétronille alipoanza kuogopa, maana mtoto yule hubishana kwa sauti ya juu. “Miye kila siku ku hôpital minapigiaka familia. Nikisema mugonjwa, ni mugonjwa. Akikufa, minasema amekufa. Bazungu bote basemaka vile. Piga simu.”

Namba ilikuwa kwenye simu ya mezani ya bibi. Walipanda metro kutoka Anderlecht, wakabadilisha, wakachukua tramu, na njia nzima Pétronille alikuwa akisema moyoni kuwa mtoto huyu amezaliwa juzi tu, hajui kitu, mtu yule alikufa zamani, alikufa kabla ya Jumanne. Alikuwa akiomba Mungu iwe hivyo. Aliomba mtu awe alikufa mapema, na aliona haya kuomba, akaendelea kuomba. Walimkuta bibi amelala usingizi wa mchana. Pétronille aliivuta simu mpaka jikoni, waya umenyooka, akafunga mlango.

Falk alikuwa na sauti ile ile ya kupigwa pasi, isipokuwa ilikuwa imechoka. Baba amefariki leo asubuhi, akasema. Alisema hivyo hivyo, kwa neno lenyewe.

Pétronille akauliza Jumanne alikuwaje. Jumanne alikuwa akiongea vizuri, Falk akasema, hata Alhamisi, hata jana mchana. Walimwekea simu kitandani karibu na mto. Ikilia alifumbua macho, na ilikuwa daktari, au jirani, na akayafumba tena. Falk alitaka kupiga Brussels mara ya pili, mzee akakataa katakata. Dada akisukumwa, alisema, si yeye mwenyewe atakayekuwa amepiga.

Pétronille alianza kulia. Falk akadhani ni huzuni ya mtu mwema tu, akaendelea, kama wafiwa wanavyoendelea wakipata sikio. Kilichokuwa kinamsumbua sasa ni yule malaika. Baba alikuwa na malaika mmoja dirishani pamoja na mchimbaji wake. Alimrudisha ule mwaka babu alipofariki, na tangu hapo hakuna Desemba aliyokosa kumwasha, hata wakati watu waliposema kuwa nyumba ile haikuzaa binti. Juma hili alitaka awashwe kila jioni. Sasa watu wa familia hawajui wamfanye nini.

“Mtume huku,” Pétronille akasema. “Mtume kwa dada yake. Usingoje siku yoyote.” Lilikuwa jambo moja la maana alilolifanya juma lile.

Jumapili wote walifika. Lucienne alikuja na kitenge cha msiba kwenye mkoba, Lien alikuja na keki na wasiwasi. Bibi alikuwa mchangamfu kwa sababu ya kuona watu, alikula kuku, akaulizia kwa mzaha kama amefikisha miaka mia bila kujulishwa. Kisha Lucienne akasogeza kiti upande mmoja na Lien upande mwingine, kama walivyoelekezwa, na Pétronille akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akamwambia Reinhard amefariki.

Bibi hakuanguka. Mikono yake tu ndiyo iliyopoa.

“Lini?”

“Jana asubuhi.”

Hapo angeweza kukomea. Wewe fikiri: hakuna aliyejua habari ya Jumanne ila Jémima na Lucienne, na wote wawili wangekufa nayo. Lien alikuwa ameshaanza kulia, na Lucienne alikuwa ameshatoa kitenge, na msiba ule ungekwenda vizuri, kama ulivyopangwa. Pétronille alitazama viatu vya bibi, vile vya ndani, vya manyoya, alivyomvisha mwenyewe asubuhi.

“Mamie, mtoto wake alipiga Jumanne. Ulikuwa bafuni. Alisema baba anaumwa, anakuuliza. Mimi nilijua ameshakufa. Kwetu ndivyo wanavyotuambia mtu akifa. Nilitaka usikie ukiwa na watu.”

“Jumanne alikuwa hai.”

“Ndiyo.”

“Na Alhamisi. Nilipokuambia.”

“Alikuwa hai, Mamie.”

Lucienne alianza kusema kitu juu ya mapenzi ya Mungu, akatazamwa, akanyamaza. Pétronille akataka kumweleza bibi habari ya malaika, alifungua kinywa kabisa, lakini Madame Irmgard alivuta mikono yake, taratibu, kidole kwa kidole, akaiweka mapajani mwake mwenyewe. Amesikia ya kutosha, alisema. Wote waende nyumbani. Na Pétronille pia.

Alirudi Anderlecht na masufuria yake, chakula cha watu ishirini. Asubuhi ofisi ilimjulisha kuwa mteja ameomba mtunzaji mwingine kwa juma lile. Alipewa mzee mwingine, mstaarabu, asiye na neno. Pétronille alimkogesha, akampikia, na kila simu ilipolia ndani ya nyumba ile alikufa ganzi. Jioni Jémima alimwambia kuwa hakufanya kwa ubaya. Hilo alilijua. Lilikuwa halimsaidii kitu. Angekuwa amefanya kwa ubaya angeweza kutubu akapumua. Yeye alifanya kwa mapenzi, na kwa adabu, na kwa kila kitu kizuri alichofundishwa na mama yake, na hakuona ni nini hasa katika hivyo anachopaswa kukikana. Baba yake mwenyewe naye, akafikiri usiku mmoja, baba yake naye pengine alikuwa bado anapumua walipopiga simu Bukavu. Hakuwahi kuuliza. Kwao mambo kama yale hayaulizwi.

Ilipokaribia Krismasi simu yake ilionyesha namba ya bibi.

“Kuna mzigo umefika,” Madame Irmgard akasema. “Vidole vyangu haviwezi kamba. Njoo.”

Alimkuta kwenye kiti chake, mapazia yamefunguliwa, mchimbaji dirishani. Pétronille alianza kuomba radhi angali mlangoni, na bibi alimkatiza. Hajamsamehe bado, alisema, na hajui kama atawahi. Amejaribu kumkasirikia juma zima na kila akianza anajikuta yeye mwenyewe, ameshika simu, mwaka ule wa ukuta. “Wewe ulimficha kwa siku chache, mimi kwa miaka,” akasema. “Afungue mtu mwingine maboksi yangu? Sitaki. Leta mkasi.”

Malaika alikuwa amefungwa kwenye magazeti ya Kijerumani, ndani ya fulana ya mwanamume. Mbao yake ilikuwa imefifia, bawa moja limevunjika na kuunganishwa kwa gundi, na nguo yake nyeupe ilikuwa imepakwa rangi upya zaidi ya mara moja, na mkono usio wa fundi. Mikononi palibaki vipande vya mshumaa vilivyoungua nusu, na nta ilikuwa imemwagikia vidole. Pétronille, kwa mazoea ya kazi, aliingiza ukucha kuibandua.

“Usiitoe,” bibi akasema.

Akauondoa ukucha. Nta ilikuwa mpya, ya Desemba hii. Wote wawili waliiona.

Walimsimamisha karibu na mchimbaji, Pétronille akawasha vile vipande na mishumaa ya mchimbaji. Bibi alitazama muda mrefu. Kisha akamwomba ateremke mpaka barabarani, asimame pale watu wanapongojea tramu, ampigie simu amwambie kama wanaonekana.

Kulikuwa na baridi na manyunyu. Pétronille alisimama kituoni, akainua uso, akabonyeza namba. Ilipokelewa kabla haijamaliza kulia mara ya kwanza.

“Wanaonekana?”

“Wanaonekana, Mamie.”

“Wote wawili?”

“Wote wawili. Mtu akipita anajua. Mtoto wa kiume mmoja, wa kike mmoja.”

Pétronille alisikia pumzi ya bibi, na saa ya ukutani, na kijiko kilichogongana na kikombe. Tramu yake ikaja, ikafungua milango, watu wakashuka wakampita, wengine wakapanda, ikaondoka. Yeye alibaki pale na simu sikioni, juu kule dirishani kivuli cha kichwa cheupe kimeinamia mwanga, na kati yao hakuna aliyethubutu kukata.